Watoto tisa, vyumba vitatu: Desemba yetu Tanga

Ukikaa Tanga, Desemba ikifika unajua nyumba si yako peke yako tena. Shule zikifungwa tu simu zinaanza, shangazi tunakuja, mama mkubwa tunakuja, na ukienda stendi ya Kange katikati ya mwezi utakuta mabasi ya Dar, Arusha na Dodoma yanashusha watoto wenye mabegi mgongoni, nusu wamelala nusu wametapika njiani, na bajaji zote zina kazi. Jiji letu ni dogo, sensa ya 2022 ilitukuta karibu laki nne tu, ila kuanzia hapo mpaka Mwaka Mpya ukipita ufukweni Raskazone jioni unaweza kudhani bara yote imehamia huku, na joto la kaskazi nalo ndo limekolea, usiku hata shuka huliwezi.

Safari hii kwetu walitimia watoto tisa. Watatu wangu, wanne wa kaka yangu wa Dodoma, wawili wa mdogo wangu wa Arusha. Mkubwa ana miaka kumi na nne, mdogo bado anavaa pampasi. Nyumba yenyewe iko Ngamiani, vyumba vitatu na sebule na ua wa nyuma, na mama yetu tunakaa naye hapahapa. Kaka alipiga simu mapema akasema safari hii wao watatafuta gesti ili wasitubane, nikamkatalia palepale wala sikumwachia amalize, jirani yangu mmoja aliposikia akaniambia dada unajitesa bure, mwenzio kajitolea mwenyewe. Sasa ndo nataka nieleze kwanini nilikataa na tuliishije, manake najua wengi mna mambo hayahaya kila likizo.

Sisi watatu tumekulia nyumba moja, tumelala kitanda kimoja, tumepigwa na fimbo moja. Watoto wetu hawana hicho kitu. Huyu yuko Dodoma ghorofani, yule Arusha anatoka shule na basi la shule anaingia getini geti linafungwa, wangu wako huku. Wanaonana wapi? Msibani. Mara ya mwisho ukoo wote tulikuwa pamoja ni wakati tunamzika baba, na pale chini ya turubai nilimsikia mtoto wa kaka anamuuliza mama yake yule dada ni nani, anamwonyesha binti yangu mkubwa, binamu yake wa damu kabisa! Iliniingia. Nikasema hawa wakiendelea hivi, sisi tukiondoka duniani hakuna atakayemtafuta mwenzake. Sasa ukiwaweka gesti wanakuja asubuhi wameshaoga wamevaa vizuri, wanakaa kwenye makochi, wanakula, jioni wanaondoka, ni wageni mwanzo mwisho. Watoto wanajuana usiku, taa ikishazimwa, wamebanana kwenye mkeka wanacheka kitu ambacho hata wao hawajui ni nini na wewe unapiga kelele kutoka chumbani lalaaaani.

Kwahiyo sebule tuliitoa makochi yote yakaenda barazani, tukatandika mikeka, juu yake magodoro, alafu chandarua mbili kubwa zile za kufunga kwenye misumari minne. Hapo sikubali mjadala, mbu wa Ngamiani wakati wa joto si wa kuwachezea na watoto wa Dodoma na Arusha hawajawazoea. Wanawake na vichanga chumba kimoja, wanaume chumba kingine, mama na chumba chake hatukukigusa. Mtu mzima wa umri ule ana dawa zake, ana swala zake za alfajiri, usimhamishe kitandani kwake kwa sababu ya wageni hata kama ni wanae.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni watoto wa mwenye nyumba. Sote tunawaangalia wageni, wamekula, wamelala, wamefurahi, wa nyumbani unamwambia tu mpishe mwenzio, mpe mwenzio, wewe ni mwenyeji. Binti yangu wa kati ana miaka minane na ndo mwenye roho ya kutunza vitu vyake, penseli zimepangwa, mdoli una nguo zake. Kabla wageni hawajafika nilikaa naye chini nikampa begi moja, nikamwambia chagua humu vitu ambavyo hutaki mtu avishike, weka, tunafungia kwenye kabati langu na funguo nabaki nayo mimi. Alichagua taratibu sana karibu mchana mzima. Mdoli akaingiza akautoa akauingiza tena. Vilivyobaki nje akajua ni vya wote, na kweli alivitoa kwa moyo mweupe. Siku ya nne hivi akaja mwenyewe kuomba funguo, anataka kutoa mdoli ampe mdogo wake wa Arusha alale nao. Sikumwambia kitu, nikampa funguo. Mtoto akijua kuna kitu ni chake hakiguswi, kugawa kwingine kunakuwa kwepesi, na hilo ningependa kila mama anayepokea wageni alijaribu.

Jikoni sasa. Wazee walisema mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, mimi jembe natoa siku ya kwanza jioni na hakuna aliyenuna. Watu kumi na tano huwezi kuwapikia peke yako mara tatu kwa siku alafu bado uwe na uso wa kuongea nao. Tuligawa zamu, siku moja jiko langu, siku moja la wifi, siku moja la mdogo wangu, mwenye jiko ndo anaamua kinapikwa nini na ndo ananunua kitoweo cha siku hiyo, wengine wote ni wasaidizi wake. Hii ilimaliza na suala la hela bila mtu kuaibika. Kwetu huwezi kumwambia ndugu yako toa mchango wa chakula, ni aibu, na yeye akikupa noti mkononi unaona kama anakulipa, lakini zamu ikiwa yake anaenda sokoni mwenyewe, kimya kimya mzigo umegawanyika. Unga, mchele, gesi na mkaa nilibeba mimi na baba watoto maana ni nyumba yetu. Na wala hawakuja mikono mitupu, Arusha ilileta viazi na maparachichi na maharage ya kutosha mwezi, Dodoma ikaleta mlenda wa kukausha, karanga na ubuyu, mama akaufurahia ule mlenda kuliko zawadi zote.

Siku ya zamu ya wifi tulikula ugali na mlenda na karanga, watoto wangu walishangaa kwanza lakini walikula. Siku zangu ni nazi tu! Wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa nazi. Wanaume kazi yao ilikuwa kuamka mapema waende Deep Sea soko la samaki pamoja na vijana wakubwa wawili, wanarudi na vibua wengi na changu wachache wa wagonjwa na wazee, na sheria ni anayenunua ndo anayepara magamba. Kaka alipara akiwa anaimba.

Mtoto wa kaka wa miaka kumi na moja alikuwa anaona nazi inatoka kwenye pakiti maisha yake yote. Nikamkalisha kwenye mbuzi. Kwanza alikuwa anasukuma kwa nguvu kama anataka kuvunja, nikamwambia punguza, zungusha, anza pembeni nenda katikati, na ukiona umekaribia lile ganda jeusi acha maana ukilikwangua tui linabadilika rangi na maharage yanakuwa na uchafu uchafu. Ya kwanza ilimchukua muda mpaka mama akaja kusimama kumwangalia. Ya tatu alikuwa anakuna vizuri kabisa nazi nyeupe inadondoka kwenye sinia laini. Tukaweka maji ya vuguvugu, akakamua mwenyewe kwenye chujio, tui zito tukaliweka pembeni, la pili likaingia kwenye maharage yachemke nalo, lile zito tukamwachia yeye alimwage mwisho kabisa na kukoroga asiache kukoroga lisikatike. Wakati wa kula alikuwa anamwambia kila mtu nazi nimekuna mimi. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena barazani na simu, alikuwa anauliza leo zamu ya nani.

Simu, ndio. Zote za watoto ziliingia kwenye kikapu cha bibi saa moja jioni zinatoka kesho yake baada ya chai. Mwanzoni wale wakubwa walilalamika sana. Nje Ngamiani jioni kuna watoto wa mtaa mzima, kuna rede, kuna kombolela, na barabara zetu zimekaa mistari mistari kwa namba kwahiyo mtoto mgeni kitu cha kwanza alichofundishwa ni namba ya barabara yetu, alikariri hata yule wa miaka minne, akipotea aseme barabara ya ngapi mtu yeyote atamrudisha. Giza likiingia wote ndani, bibi anasema paukwa. Watoto wa Arusha hawakujua kujibu! Wangu wakapiga kelele pakawa, kesho yake wote tisa walikuwa wanapiga kelele pakawa mpaka jirani anacheka ukutani.

Bahari sasa, na hapa nataka mnisikilize mnaokuja kutoka bara. Watu wanakuja Tanga wanapanga kwenda kuogelea kwa kuangalia saa, tukimaliza chakula twende. Bahari ina saa zake. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, na huku kwetu siku hizo yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, saa nne asubuhi yamekimbia mbali huko umebaki mchanga na mawe na tope. Alafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi, kwahiyo baada ya wiki kila kitu kimegeuka, jioni uliyozoea kuogelea ndo maji yamekauka, na siku hizo za katikati ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ukimpeleka mtoto aliyesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya bahari ukamkuta na tope umemvunja moyo. Mimi nilishaangalia mwezi kabla hawajafika, siku za bamvua jioni tulikuwa majini, siku zile nyingine asubuhi.

Na watoto kwenye maji tuliwagawana. Kila mtu mzima ana wake kwa majina, wawili au watatu, anawaangalia hao tu, hana simu mkononi, hapigi picha, akitaka kwenda kununua mihogo anamkabidhi mwenzie kwa mdomo "nakuachia wangu wawili" na mwenzie anajibu nimewapokea. Wadogo wote walivaa tisheti za rangi ya machungwa zile za mitumba nilizonunua kwa pamoja. Nasisitiza hili maana ufukweni Desemba watu wamejaa, kila mtu anadhani mwenzie anamwangalia mtoto, na maji hayasubiri.

Krismasi yenyewe, Boxing Day na Mwaka Mpya hatukwenda. Siku hizo spika zinagongana, bodaboda zinapita kwa fujo, watoto wanapotea wanatangazwa. Vijana walinuna kweli siku ya Boxing Day, tv imezimwa, wenzao wote wanapita na nguo mpya kwenda beach. Tukatoa baiskeli. Tanga ni tambarare, hakuna mji mzuri wa kujifunzia baiskeli Tanzania hii kama huu, nasema kwa moyo wangu wote, na sikukuu mitaa ya ndani inakuwa mitupu kwa sababu wote wako baharini. Baba watoto alikodi mbili, tukawa na nne, na mpaka magharibi mtoto wa Arusha aliyekuja hajui alikuwa anaendesha bila kushikwa kutoka kona hadi kona, binti yangu mkubwa anakimbia nyuma yake anapiga makofi. Yule yule aliyeulizwa msibani ni nani.

Amboni tulikwenda siku ya kawaida, Jumanne. Ni kama kilomita nane tu kutoka mjini barabara ya kwenda Mombasa, mapango ya chokaa, mengi ila wageni wanaingizwa moja tu, ndani giza totoro, popo juu, sehemu nyingine unainama. Watoto chini ya miaka mitano nilibaki nao nje chini ya mti na sijutii, wanaogopa na huko ndani kumbeba mtoto mgongoni huku unainama si salama. Vaa viatu vya kamba, kandambili zinateleza. Wakubwa walitoka wanaongea wote kwa pamoja, popo, na habari za Osale Otango aliyejificha humo enzi za mkoloni.

Historia iliyowashika zaidi lakini ni ya nyuki. Baba watoto aliwasimulia wakiwa wamekaa mchangani Raskazone, kwamba hapahapa Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wengi kutoka India kuja kuichukua Tanga kwa Wajerumani, vita vikapigwa, na katikati ya risasi nyuki wakachafuka wakawavamia askari wakakimbia, na mwisho Waingereza wakarudi kwenye meli zao. Basi wiki nzima mchezo ukawa huo, nusu nyuki nusu askari, na kila mtu anataka kuwa nyuki.

Kuna vitu vidogo ambavyo vilisaidia nitavitaja harakaharaka. Choo ni kimoja, kwahiyo watoto wote waliogeshwa uani jioni kwenye beseni na mpira wa maji, asubuhi foleni ilikuwa ya watu wazima tu. Kila mtoto alipewa kikombe kimoja cha plastiki chenye jina lake, akikiosha anakunywa asipokiosha hanywi. Vipele vya joto vinawatoka sana watoto wa nchi za baridi, wale wa Arusha siku za mwanzo migongo ilijaa, maji ya baridi mara mbili kwa siku, nguo za pamba nyepesi, na mchana saa sita mpaka saa tisa hakuna kutoka nje. Muda huo wote nyumba nzima ilikuwa inalala, hata watu wazima, tena watu wazima ndo walihitaji zaidi.

Na wazazi nao wapeni jioni yao. Sisi watatu tulitoka usiku mmoja tu, mimi, kaka na mdogo wangu, bila waume wala wake, tukaenda kula mishikaki na viazi karai na juisi ya miwa, tukakaa kwenye benchi mpaka yule mwenye jiko anazima moto. Tuliongea habari za baba. Tangu mazishi hatukuwahi kukaa hivo, kila mtu alirudi kwake na huzuni yake mfukoni. Kaka alilia kidogo na sisi tukamwacha alie.

Gharama zipo, sitaki kudanganya mtu. Mtungi wa gesi uliisha nusu ya safari, maji yalitumika, Januari ada zinakuja na mfuko umelegea. Ila tulianza kujiwekea tangu Juni, kidogo kidogo, tukijua Desemba inakuja na watu wake, na zile zamu zilibeba mengi.

Wameondoka wiki ya kwanza ya Januari, Kange watoto walilia mpaka kondakta akaja kuuliza kuna nini. Sasa wana kundi lao la WhatsApp kwenye simu ya yule wa miaka kumi na nne, wanatumiana sauti, juzi aliyekuna nazi alituma sauti ndefu anauliza kama tui likikatika linaweza kurekebishwa. Mdogo wangu ameshasema Juni shule zikifungwa ni zamu ya Arusha, wote tisa, na wifi kakubali. Juni Arusha ni baridi kali na wangu hawana hata sweta moja, kwahiyo nimeshaanza kuangalia mitumba kila Jumamosi, mpaka sasa nimepata mbili, natafuta ya yule wa kati na koti la bibi, manake amesema na yeye anakwenda.